Maziwa ya Kunawia, Pilipili ya Waithaka

Mpaka leo sigusi mche wa pilipili kabla sijanawa mikono kwa maziwa. Mke wangu amenisema mpaka amechoka. Nina vyungu vyangu vichache kibarazani, hapa Dagoretti tulikohamia nilipostaafu, na kila asubuhi ananiona namimina maziwa kidogo kwenye bakuli, nachovya vidole, nasugua mpaka chini ya kucha, ndipo nawaendea wapenzi wangu. "Salim," huniambia, "wenzako wanakunywa chai kavu, wewe unaosha vidole kwa maziwa." Mimi namjibu kwamba maziwa hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Anaguna, anakwenda zake.

Vijana wangu wa kituo cha mbegu, siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti mkataka mawaidha. Nikasema asanteni, nikaketi. Hayakuwa maringo. Sasa, kwa kuwa hamjaacha kunipigia simu, "Mzee, tuandikie kitu," haya, nimeandika. Msitafute mpangilio. Mimi nilikuwa mtu wa kitalu, sikuwa mtu wa ripoti, na mzee akikumbuka hukumbuka anavyotaka yeye.

Nianze na mikono, maana hapo ndipo mnapoharibu. Nawajua. Mnaingia asubuhi, mmeshasalimiana na kila mtu kuanzia kituo cha basi mpaka langoni, niaje huyu, sasa yule, gonga hapa, gonga pale, halafu moja kwa moja mnashika miche. Ugonjwa tunaouita batobato hauhitaji mdudu wa kuubeba. Yako mengine yanayobebwa na inzi weupe na vidukari, hayo yana shida zake. Huu unabebwa na sisi. Unakaa kwenye vidole, kwenye kisu, kwenye kamba ya kufungia mche, kwenye suruali uliyoivaa jana. Jani huanza kupata mabaka, kijani kilichoiva hapa, kijani kilichopauka pale, kama shati lililorukiwa na dawa ya madoa. Kisha linakunjamana, mche unadumaa, na pilipili yenyewe inatoka fupi, ina vinundu, haina uso wa kupeleka sokoni.

Na dawa haipo. Anayekuuzia dawa ya kupulizia virusi shambani anakuuzia maji yenye rangi. Maziwa yenyewe hayaponyi mche ulioshikwa. Yanachofanya ni kuushika ugonjwa ulio vidoleni mwako kabla haujafika kwenye jani. Basi. Hiyo ndiyo siri yote, na mmeipata bure.

Aliyenifundisha ni Daktari Muthoni, mkubwa wetu wa uzalishaji mbegu. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, na akikukasirikia anazidi kuishusha mpaka unalazimika kuinama ndiyo usikie unavyotukanwa. Kituo wakati ule kilikuwa Kitisuru, nyuma ya nyumba kubwa ya zamani yenye ua wa michongoma uliokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Askari wa lango alikuwa akiona maziwa yanaingia kila asubuhi na hakuna chai ya kutosha inayotoka. Akawaambia wafanyakazi wa nyumba za jirani kwamba pale ndani kuna daktari anaoga maziwa ili asizeeke. Wiki ile tulipata wageni wengi wa kuja kuomba kazi.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Karanja, mtu wa watu, na mtu wa ugoro. Sasa tumbaku ni binamu ya pilipili, na ugonjwa huu huu unaweza kulala ndani ya tumbaku iliyokauka na kusagwa, unangoja tu kidole. Daktari alipomwambia aache ugoro wake langoni, mzee alisononeka kama mtu aliyeambiwa amwache mwanawe.

"Daktari, mimi navuta na pua," alisema. "Mkono haihusiki."

"Na puani inafika na nini, mzee?"

Alifikiri. Kuanzia siku hiyo kopo lake la ugoro likawa linakaa kwa askari, na saa nne tulikuwa tunamwona anatembea kwa haraka kwenda langoni, anarudi ananawa kwa maziwa hadi kwenye viwiko. Hakuwahi kudanganya. Nilijifunza kwake kwamba kazi hii inataka mtu mwaminifu hata pale ambapo hakuna wa kumwona.

Mimi nilikuja kwa njia ya dukani. Nimezaliwa katikati ya mji, kwenye vichochoro vya nyuma ya msikiti, duka la viungo chini, sisi tunalala juu. Wazee wangu walitoka Lamu, na mama yangu, Bi Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa akiijua pilipili kwa pua kabla hujafungua gunia. Pilipili yetu kubwa ilitoka Waithaka, kwa mjane mmoja aitwaye Mama Njoki. Alikuwa anaileta mwenyewe kila wiki, kikapu mgongoni, ndefu, nyembamba, nyekundu sana, ncha imepinda kama kidole kinachomwita mtu. Wateja waliulizia kwa jina: ile ya Mama Njoki ipo? Yeye na mama yangu walikaa kwenye viti vya duka wakasengenya bei ya kila kitu, mmoja kwa Kiswahili cha kwao, mwingine kwa Kiswahili cha Waithaka, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Nilikuwa tayari nimeajiriwa Kitisuru, mwoshaji wa vyungu, wakati kikapu cha Mama Njoki kilipoanza kupungua. Siku moja alikileta nusu, na pilipili zenyewe fupi, zina vinundu. Mama yangu akazigeuza mkononi, akamtilia chai. Mama Njoki ndiye aliyesema.

"Mama Salim, shamba imekataa. Majani inajikunja. Na Kamau ameleta mawe."

Kamau ni mwanawe mkubwa, fundi wa ujenzi. Mkienda Waithaka leo mtaona kilichotokea kule: palipokuwa na mahindi na viazi sasa pana vyumba vya kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Kamau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwona mama yake anainamia shamba lisilompa kitu, naye ana ufundi mikononi na kiwanja mbele ya macho. Alikuwa amemwambia: msimu mmoja zaidi, mama, ikikataa tunajenga. Mawe yalikuwa yameshamwagwa pembeni ya shamba. Mama Njoki alikuwa akiyaona kila akiamka. Lile shamba alililima na mumewe, na tangu afe mume, alichobaki nacho cha kuitwa chake kilikuwa ile pilipili.

Mimi kwa wema wangu nikachukua jani moja bovu, nikalifunga kwenye gazeti, nikalitia mfukoni, nikalipeleka kazini nikamwonyeshe Daktari. Nililitoa katikati ya kitalu. Vijana, sauti ya Daktari Muthoni ilishuka mpaka nikawa nasoma midomo. Nilivuliwa shati pale pale, likachemshwa, nikarudi mjini nimevaa koti la kazi la Mzee Karanja linalonifika magotini. Kumbe ningeweza kuimaliza miche yote. Lakini kesho yake, alipokwisha kupoa, aliniita akaniuliza, "Lile shamba liko wapi?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka, na shukrani yangu yote inaanzia hapo. Angeweza kunifukuza. Badala yake alipanda gari na mimi tukaenda Waithaka.

Nieleze kidogo tulichokuwa tunatafuta, maana najua wengine mmefika juzi. Kama dawa haipo, kilichobaki ni kuutafuta mche unaoukataa ugonjwa, kisha kuuposea mche wenye tunda zuri, ili watoto warithi kwa mmoja ukinzani na kwa mwingine uzuri. Kwa hiyo mimi kazi yangu, ukiondoa majina makubwa, ilikuwa ushenga. Na mshenga wa pilipili lazima kwanza awaone wachumba wakiwa taabuni. Huwezi kujua nani anakataa ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa. Daktari alikuwa na msemo wake, "Kila mbegu ina haki ya kuugua." Alikusanya mbegu popote: kwenye makopo yaliyotoka mbali, kwenye masoko, kwa mabibi wa watu. Mama yangu alinipa konzi ya pilipili kichaa za uani kwa nyanya yangu Lamu, vijipilipili vinavyotazama juu, vikali vya kutoa kamasi. "Katika mbegu zenu za makopo wekeni na za kwetu," alisema. Daktari alizipokea kwa mikono miwili.

Shamba la Mama Njoki lilikuwa na ugonjwa tele, likawafaa wachumba wetu. Yeye akakubali, Kamau akakubali kwa kuwa msimu ule alikuwa ameshautoa. Tukapanda mistari ya mbegu zetu za kila namna, na katikati ya mstari na mstari tukaiacha pilipili ya Mama Njoki iliyokwisha kuugua, makusudi, iwe jirani mbaya. Tukamweleza vizuri: hizi za wagonjwa usiziguse. Akasema nimeskia.

Ila kulikuwa na jambo moja tusilolijua. Jumapili moja, miche ikiwa imeshainuka, akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwake kusali baada ya ibada. Na shamba liko langoni. Huwezi kuingia kwa Mama Njoki bila kulipita. Ninyi mliozaliwa kwenye ghorofa hamwezi kujua: mwanamke wa upande ule akiwa na wageni haachi shamba la aibu langoni. Atapalilia, atafagia njia, hata mgomba ulioinama atauegemeza, wageni wasiseme tangu mume afe mji umelala.

Tulifika Jumatatu. Shamba lilikuwa safi kama sahani. Mistari yote ya wagonjwa haipo. Yetu imefungwa kwenye vijiti, mmoja mmoja, udongo umepandishwa shinani, majani ya chini yamechumwa. Mama Njoki alitupokea anacheka.

"Nimewasafishia," alisema. "Ile mgonjwa yote nimetoa, nimechoma. Na hizi zenu nimesimamisha vizuri. Jana kila mtu amesifu hii shamba."

Nilifungua mdomo. Daktari akanikanyaga kiatu, na si kwa bahati mbaya.

"Mama," akasema kwa upole, "ulipomaliza kung'oa zile, ulinawa kabla ya kushika zetu?"

"Ninawe na bado nilikuwa nashika mchanga?"

"Na za kwetu ulishika zipi?"

"Zote. Kwani ningeacha zingine zijisikie aje?"

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akaomba chai. Tulikunywa chai nzito na viazi vitamu, akasifu viazi, akauliza wajukuu wanasoma wapi, na alipokuwa anaaga ndipo akamwomba asiliguse tena shamba, hata kwa wema. Ndani ya gari mimi nilikuwa nachemka. Nikamwambia msimu umekwisha, mama wa watu ametuharibia. Aliendesha mpaka tukapita soko la Dagoretti.

"Salim, wewe kwa siku unaweza kupaka miche mingapi ugonjwa?" aliniuliza.

Kupaka ni ile kazi mnayoijua, ya kusugua jani kwa maji ya jani bovu na mchanga laini, taratibu, mgongo unakatika. Nikasema michache, tena kwa shida.

"Yeye ameipaka yote kwa Jumamosi moja. Hajaruka hata mmoja. Tungewaachia kazi hiyo wale majirani wagonjwa, mche mwingine ungepona kwa sababu haukuguswa tu. Aliyekwepa na aliyekataa ni watu wawili, na sisi tungeweza kudanganyika. Sasa hakuna aliyekwepa. Tungoje."

Tukangoja. Mkiniuliza sehemu gani ya kazi hii ni ngumu, nitawaambia ni kungoja pamoja na mtu ambaye ndiye atakayepoteza. Mabaka yalianza mstari wa kwanza, ule aliouanza kufunga, yakafuata alivyokuwa akitembea, mstari baada ya mstari. Mama Njoki alifahamu mwenyewe. Alikuwa anakaa mlangoni na mikono yake mapajani anaitazama. "Ni hii imeua," aliniambia siku moja, anainyoosha. Mama yangu aliposikia alifunga duka mchana, jambo asilolifanya hata kwa mvua, akaenda Waithaka kukaa naye.

Niwapumzishe kidogo, maana naona nimewabana. Mzalishaji wa pilipili ana sheria moja isiyoandikwa ukutani: nawa kabla ya kwenda chooni, si baada tu. Sisemi zaidi. Mzee Karanja alikuwa akimtambua mgeni kwa jinsi anavyotoka chooni. Na sheria ya pili, usimwamini mvuta ugoro kwenye kuonja. Mwezi wa Ramadhani sikuweza kuonja ukali, basi yeye akawa anaonja kwa niaba yangu. Kila pilipili "iko sawa." Siku moja Daktari alionja mojawapo ya hizo zilizo sawa, akaketi juu ya mfuko wa mbolea, hakuongea mpaka adhuhuri. Tulicheka mwezi mzima, na mzee alicheka kutuzidi.

Turudi shambani. Siku Kamau alipokuja na kamba, sisi tulikuwepo. Alikuja na kijana wake wa kazi, nyundo na vigingi, akaanza kupigilia kuanzia juu kwenye mawe kuteremka. Alipomwona Daktari alivua kofia.

"Daktari, mimi sio mtu mbaya," alisema. "Lakini hii shamba imekuwa mgonjwa, na mama anagonjeka na hiyo shamba. Nilimpea msimu. Msimu ndio huu."

Daktari hakubishana naye. Alimwambia ana haki, akaomba amalize kukagua mistari, basi. Nikamfuata. Mabaka, mabaka, mabaka. Tukafika kona ya chini, karibu na mtaro, kwenye pilipili kichaa za nyanya yangu. Nilitazama chini nikaona majani yaliyodondoka, makavu, yamezagaa shinani. Nikasema, hata hizi.

Daktari alipiga magoti kwenye tope na sketi yake ya ofisi. Akaokota jani moja, akalishika kwenye mwanga. Lilikuwa na vidoti vidogo vyeusi, pale pale vidole vya Mama Njoki vilipopita.

"Salim," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa juu, "acha lililoanguka. Tazama huku."

Juu, kwenye kilele cha mche, majani mapya yalikuwa safi, mapana, yamenyooka. Mche wa pili vilevile, na wa tatu, kona nzima. Akanieleza. Mche unaougua huuachia ugonjwa upite mwili mzima. Mche unaokataa huliua jani lililoguswa, ugonjwa ukiwa umo humo humo, kisha hulidondosha. Kile nilichodhani ni kufa kilikuwa ndicho kupona. Vijana, kama mtasahau yote niliyoandika, hili mlishike: mkipaka jani likaanguka mapema, msilie. Tazameni juu.

Alimwita Kamau. Alimwita na Mama Njoki, aliyekuja polepole kama mtu anayeitwa kuonyeshwa maiti. Akawaonyesha.

"Kwa hivyo hii ndio dawa?" Kamau aliuliza.

"Hapana. Huu ni mwanzo. Tunda lake ni hili dogo, kali kupita kiasi, si pilipili ya mama yako. Tutaichanganya na ya mama yako, ambayo mbegu yake tunayo, tena na tena, mpaka watoto wawe na sura yake na ukinzani wa hii. Ni miaka. Na siwezi kukuahidi."

Nilimpenda sana kwa lile neno la mwisho. Mwingine angeahidi.

Kamau alizungusha kofia mkononi. Mama Njoki alikuwa ameshika tawi la mche, nusura nimkataze, kisha nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo miche pekee ambayo mikono yake haikuweza kuidhuru. Akalipapasa jani jipya. Halafu akasema, bila kumtazama mwanawe, "Kamau, hamisha kamba. Jenga huko juu. Hii ya chini niachie."

Kijana wa kazi alimtazama Kamau. Kamau aling'oa kigingi chake mwenyewe, akapanda nacho, akakipigilia katikati ya shamba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, na mimi siku ile niliona uhunzi unaanza.

Nilipomwambia mama yangu, alisema tu, "Si niliwaambia wekeni na za kwetu?" Halafu akaenda chumbani, akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasingizia vitunguu.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyonifanya kuwa fundi. Daktari aliniondoa kwenye vyungu akanipa kibano. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ukisubiri lifunguke umechelewa. Unachukua tumba lililovimba ambalo kesho yake lingefunguka, asubuhi kabla ya joto, unalifungua kwa ncha ya kibano, unatoa vifuko vya chavua kabla havijapasuka, kisha unaleta chavua ya mume unaigusisha pale katikati. Unafunga uzi. Ukibana sana linaanguka. Ukihema sana unaharibu. Mimi nilikuwa nikitia bismillahi kwenye kila ua, Mzee Karanja kwa upande wake anaomba kwa Kikuyu, na Daktari alisema hajali nani anaomba kwa nani ilimradi uzi umefungwa.

Watoto wa kwanza walikuwa vibonge vikali visivyo na adabu. Tukawarudisha kwa pilipili ya Mama Njoki, tukapaka ugonjwa, tukang'oa walioshikwa, tukabaki na walioangusha jani. Tukawarudisha tena. Kila kizazi kilijaribiwa kwenye ile nusu ya shamba chini ya vyumba vya Kamau. Mwaka mmoja tulidhani tumefika: ndefu, nyekundu, inakataa ugonjwa vizuri kabisa. Tukampelekea Mama Njoki tunajidai. Akaigeuza, akaipima ncha kwa kidole.

"Hii ni ya nani?" alisema. "Haijapinda. Sio yangu."

Tukarudi kazini.

Leo mbegu iliyopatikana mnaipakia ninyi kwenye pakiti, kwa hiyo mnajua kwamba ilipinda. Mama yangu hakuiona. Mzee Karanja aliiona, akaionja, akasema iko sawa. Daktari Muthoni amestaafu kwao Nyeri, na nikimpigia simu bado inabidi nikandamize sikio ndiyo nimsikie. Namshukuru kwa kunivua shati, na kwa kunipa kibano. Na kile kiatu alichonikanyaga, ningekuwa nacho ningekitundika ukutani.

Wiki iliyofuata baada ya kuniaga nilikwenda Waithaka. Sikuwa na kazi yoyote, nilitaka tu kuona. Ghorofa zimelizunguka lile shamba pande zote, nguo za wapangaji zinaning'inia juu, na katikati pana ukanda wa kijani na wekundu wake. Mama Njoki alikuwa kwenye kiti, bakuli miguuni. Macho yamekwisha. Alikuwa anapapasa jani moja baada ya jingine, taratibu, kutoka shina mpaka ncha, na kwa kila moja anasema kwa sauti ndogo, "Imenyooka. Hii pia imenyooka."

Nilisahau umri wangu. Nikaingia mstarini, mikono mbele, nimshike yeye, nishike na jani. Kamau akanizuia njiani. Ana mvi sasa, mwenye nyumba mzima, funguo kiunoni, na mkononi ameshika kikombe.

"Mzee Salim, karibu sana," alisema. "Lakini mikono kwanza."

Nikachovya vidole. Alikuwa ameyapasha moto maziwa.